Maswali na Majibu: Wiki Moja ya Uinjilisti Kijijini, Pamoja na Watoto

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi na mume wangu tumealikwa na usharika mmoja wa kijijini kuhudumu kwa wiki moja, na tumekusudia kwenda na watoto wetu watatu. Mdogo ana miaka 6 na mkubwa 15. Baadhi ya ndugu wanasema kwamba muda huo hautoshi kuzaa matunda, na kwamba watoto watatukwamisha. Je, tuahirishe safari?
Mama wa watatu

JIBU: Amina, mama. Msiahirishe. Hofu ya ndugu zenu ina msingi, lakini dawa yake si kuongeza siku, bali ni kutambua kwamba kazi hiyo ni ya usharika uliowaalika, nanyi mnakwenda kuwatia nguvu. Mwulizeni mapema mchungaji au mwinjilisti wa pale anahitaji nini, na akisema ana wagonjwa na wajane ambao amekosa wa kufuatana naye kuwatembelea, basi hiyo ndiyo huduma yenu, hata kama mlikwisha kuandaa mkutano wa hadhara.

Katika Luka 10, Bwana alipowatuma wanafunzi wawili wawili, aliwaagiza wakae katika nyumba iliyowapokea, wale na kunywa walichopewa, wala wasihamehame. Naona agizo hilo ndilo linalosahauliwa zaidi na wahubiri wa siku chache. Laleni kwa wenyeji, mle mezani pao, mshike jembe au ndoo pamoja nao asubuhi. Watu wakiona jinsi mnavyosemeshana mkiwa mmechoka, watawasikiliza jioni mtakapofungua Biblia. Hata Priska na Akila, mke na mume, walimchukua Apolo kwao ndipo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26).

Kwa sababu hiyo watoto si mzigo. Mdogo acheze na wenzake, na mkubwa apewe kazi kamili, kwa mfano kusimulia kisa kimoja cha Biblia katika shule ya Jumapili, akimsaidia mwalimu wa pale bila kumpokonya nafasi yake. Ila nakusihi sana, asilazimishwe mtoto yeyote kutoa ushuhuda mbele za watu, na muwe na saa ya kupumzika kila siku. Picha za watoto wa wenyeji zisipigwe bila ridhaa ya wazazi wao. Zawadi zote zipitie kwa wazee wa usharika, wanaojua nani ana shida gani.

Kuhusu matunda: mnapokwenda nyumba kwa nyumba, mzee mmoja wa usharika awe nanyi, naye aandike katika daftari jina la kila aliyeomba kufundishwa au kuombewa, na mahali anapoishi. Daftari hilo libaki kwa mwinjilisti, kwa kuwa mafundisho ya ubatizo yataendelea miezi mingi baada ya ninyi kuondoka.