Kigamboni hadi Kimbiji kwa baiskeli: kagua kwanza

Ndugu, unauliza kama njia ya Kigamboni hadi Kimbiji, huko Dar es Salaam, ni salama kwa baiskeli, kwa kuwa ramani ya simu inaonyesha magari machache. Uchache usikudanganye, barabara ikiwa tupu, watu hukanyaga mafuta.

Ipite kwanza kwa daladala, saa ileile utakayoendesha. Tazama ukingo wa lami: ukiwa umemeguka na kushuka ghafla kwenye mchanga, lori likikupigia honi huna pa kukimbilia. Waulize bodaboda wa kijiweni (wataongea hadi uchoke), kona mbaya wanazijua. Masika, Machi hadi Mei, maji huficha mashimo. Giza likiingia, pakia baiskeli kwenye bajaji. Ukianguka ukagonga kichwa, nenda hospitali hata ukijiona mzima.