Maswali yenu: nani aingie Umoja wa Ulaya?

Ungepewa nafasi ya kuchagua, nchi gani ingeingia kwanza? (Msomaji, Morogoro)

Montenegro, na Albania iifuate. Wamontenegro hawafiki hata 700,000, wako mezani tangu 2012, na wanatumia euro tangu 2002 ingawa nchi yao si mwanachama. Wamejiwekea lengo la kuingia 2028. Tangu Kroatia ilipopokelewa 2013 hakuna nchi nyingine iliyoingia, na subira ya watu wa Balkani inakwisha.

Makedonia Kaskazini ina kosa gani, mbona bado iko nje? (Msomaji, Nairobi)

Ndugu yangu, hili linaniuma kuliko yote. Nchi hii ilikubaliwa kuwa mgombea 2005. Ugiriki ikaizuia kwa sababu ya jina, kwani Makedonia ni jina la eneo lake la kaskazini pia. Ikafika 2018 serikali ya Skopje, mji mkuu wake, ikatia saini makubaliano na Ugiriki kando ya Ziwa Prespa, na 2019 taifa zima likabadili jina. Viongozi waliokubali hilo walizomewa na watu wao wenyewe. Malipo yake? Mwaka huohuo Ufaransa ikazuia mazungumzo yasianze. Mwaka uliofuata Bulgaria nayo ikaweka pingamizi kuhusu historia na lugha, na hata baada ya kuliondoa 2022 ilibaki na sharti kwamba Wabulgaria watajwe kwenye katiba ya jirani yake.

Haya yanawezekana kwa sababu kila mwanachama ana kura ya turufu karibu katika kila hatua. Kwangu mimi, kura hiyo ingebaki kwa uamuzi wa mwisho tu. Mahakama huru na vita dhidi ya rushwa ni masharti ya haki, yamewekwa tangu 1993 mjini Copenhagen. Ugomvi wa majirani kuhusu mashujaa wa kale si sharti la haki.

Ukraine iingie huku vita vikiendelea? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mazungumzo yaendelee, tena kwa kasi. Ilipewa ugombea Juni 2022 pamoja na Moldova, na yakafunguliwa rasmi Juni 2024. Wanaosema nchi yenye ardhi iliyokaliwa haipokeleki wakumbuke Kupro, iliyoingia 2004 huku majeshi ya Uturuki yakiwa kaskazini mwa kisiwa. Kazi ngumu iko kwenye kilimo: mashamba ya Ukraine ni makubwa mno, na wakulima wa Poland walishaandamana kupinga nafaka yake. Bila kipindi kirefu cha mpito kwenye ruzuku, sioni wakikubali.

Na Uturuki? (Msomaji, Zanzibar)

Iliomba 1987, ikaanza mazungumzo 2005, yakakwama kabisa 2018. Mpaka mahakama na waandishi wa habari wake wawe huru, isiingie.

Nchi ya Afrika inaweza kuomba? (Msomaji, Goma)

Moroko ilijaribu 1987 ikakataliwa. Mkataba wa Umoja huo, ibara ya 49, unataja dola za Ulaya tu.