Kuficha kompyuta ndani ya meza ya mbao bila kuipikia humo

Umeuliza kama kabati la pembeni la meza lifungwe kabisa ili vumbi lisiifikie kompyuta. Usilifunge. Mashine iliyofungiwa huvuta tena hewa ileile ya moto iliyoitoa, feni zake hupiga kelele, na mwishowe prosesa, yaani chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta, hujipunguzia kasi.

Pima kasha la kompyuta likiwa limechomekwa waya zote, kisha ongeza sentimita 5 kila upande na 10 hadi 15 nyuma. Hapo nyuma ndipo wengi hubania nafasi, plagi zikapinda. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha kwa kuta. Kata tundu la kuingizia hewa chini mbele na la kutolea juu nyuma, kila moja likitosha feni mbili za milimita 120. Feni zenyewe zifunge nyuma, zipulize nje. Mbele weka wavu wa vumbi unaochomoka ili uusafishe kirahisi. Hakikisha mlango ukifungwa hauzibi tundu la mbele, maana kosa hilo huharibu kazi yote.

Uso wa meza utoboe tundu la waya la milimita 60. Ekstensheni ya umeme ifungwe kwa skrubu ukutani mwa kabati, isilale sakafuni kwenye vumbi. Usipige bati kwa ndani: hudhoofisha Wi-Fi, ilhali mbao haina shida hiyo. Vanishi ikauke kabisa kabla hujaingiza mashine.