Homa imekata, vidonge vimebaki

SWALI: Daktari, nilipimwa nikakutwa na malaria, nikapewa dawa mseto vidonge 24. Leo siku ya tatu homa imekata, nimebakiwa na vidonge 8. Niviweke akiba?

JIBU: Usiviweke, vimeze: vinne asubuhi, vinne jioni. Kila kidonge kina dawa mbili. Artemetha huua vimelea kwa kasi, ndiyo iliyokushusha homa, ila huisha mwilini baada ya saa chache tu. Lumefantrini huenda polepole, hukaa siku kadhaa ikisaka waliojificha. Ukikatisha dozi, hao waliosalia huzaana upya. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari (aibu hii!) niliacha vidonge vinne mfukoni mwa koti, wiki ya tatu nilikuwa kitandani tena, natetemeka.

Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au hata maziwa, maana lumefantrini hainyonywi vizuri tumbo likiwa tupu. Ukitapika kabla saa moja haijapita, rudia dozi hiyo, kisha uombe vidonge vya kufidia. Homa ikirudi, kapimwe tena. Ukianza kuchanganyikiwa au kutapika kila kitu, nenda hospitali saa hiyohiyo.