Mbwa ziwani wakati wa barafu: ogopa ndoano kabla ya baridi

Swali: Daktari, habari za kazi. Niko St. Cloud, Minnesota, huu ni mwaka wangu wa tatu. Mwenzangu kazini ana kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu, chenye hita ya gesi, na amenikaribisha Jumamosi. Nina mbwa, mchanganyiko wa Labrador na pitbull, miaka minne, kilo 29, manyoya mafupi. Wiki iliyopita nilimtembeza kando ya ziwa kukiwa nyuzi -14 za Selsiasi. Dakika ishirini hazikuisha, akaanza kutetemeka na kuinua mguu mmoja mmoja. Barafu naambiwa ni inchi 7. Je, niende naye? Nimvalishe nini? Na akila samaki mbichi kuna shida?

Jibu: Nenda naye. Lakini umeniuliza habari ya nguo, nami nitaanza na ndoano, kwa sababu ndizo zinazonijazia chumba cha kungojea kila Jumatatu ya msimu huu. Baridi ina adabu: inabisha hodi. Mbwa anatetemeka, anainua mguu kama wako, anakwenda mwenyewe kusimama mlangoni. Ndoano utaijua ikishamezwa.

Hebu tazama kilichomo kwenye hicho kibanda. Kuna ndoano, nyingine za ncha tatu, zimetungwa visamaki ambavyo kwa pua ya mbwa ni pilau ya harusi. Minnesota inamruhusu mvuvi mishipi miwili kwenye barafu, kwa hiyo ninyi wawili mtakuwa na minne, na mmoja au miwili huenda ikawa ya bendera: samaki akivuta, bendera inafyatuka juu. Mbwa mwerevu akiona bendera mbili ameshaelewa. Ya tatu atafika kabla yako.

Niliwahi kuletewa mbwa jike, uzi unaning'inia pembeni mwa mdomo kama tambi iliyomshinda. Mwenye mbwa alikuwa ameuvuta, "kidogo tu, daktari." Kwenye picha ya eksirei ndoano ilionekana imekita kwenye koo la chakula, ndani ya kifua, usawa wa moyo. Ingekuwa imeshuka tumboni, ambako ni rahisi zaidi kuitoa, ningelala mapema siku ile.

Basi, ikitokea: usivute. Usimtapishe, maana ndoano itakwaruza njia ile ile ikirudi. Na usiukate uzi karibu na mdomo, kosa ambalo watu hulifanya kwa nia njema. Uzi huo ni njia yetu ya kuifikia ndoano. Mara nyingine tunapitisha mrija mgumu juu ya uzi mpaka chini, tunaisukuma ndoano irudi nyuma ilikoingilia, inachomoka, na kisu hakitumiki. Kata upande wa fimbo, acha kama urefu wa mkono wako, funga ncha kwenye mkanda wa shingo asiumeze, uje. Uzi ukimezwa wote ni balaa jingine. Ncha moja hunasa chini ya ulimi au tumboni, nyingine inaburutwa na utumbo, na utumbo unajikunja juu yake kama kiuno cha suruali ya kamba, mpaka uzi unaanza kuukata kutoka ndani.

Ndoano ikiwa ya mdomoni tu, kwanza mtenganishe mbwa na fimbo, maana atakimbia na fimbo itamfuata. Kama ncha imetokeza upande wa pili na mbwa ametulia, kata kile kijino kwa koleo, kisha rudisha shina lilikotoka. Haijatokeza? Mlete, tutampa usingizi. Wala usimpunguzie maumivu kwa ibuprofeni au paracetamol ya kwenye gari lako. Dawa hizo humdhuru mbwa vibaya.

Chubwi nazo, vile vizito vya kuzamisha uzi, usizidharau. Nyingi bado ni za madini ya risasi, na risasi iliyomezwa huyeyuka taratibu kwenye asidi ya tumbo: kutapika, tumbo kuuma, baadaye degedege. Mwombe mwenzako atumie za tangsteni. Kisanduku cha ndoano kiwe na kifuniko kinachofungika kwelikweli, na wakati wa kutunga chambo mbwa afungwe kamba. Hilo tu lingeniondolea nusu ya kazi.

Sasa miguu, maana hapo ndipo alipokuambia ana shida. Kuinua mguu mmoja mmoja mara nyingi ni theluji iliyogandamana kati ya vidole ikawa vigololi, au chumvi ya barabarani inayochoma kwenye mipasuko. Punguza manyoya ya katikati ya vidole, paka Vaselini, na mnunulie viatu. Najua, kwetu mbwa alilala nje ya jiko akingoja makombo ya ugali, leo tunamvalisha viatu. Lakini hata katika Iditarod, mashindano ya mbwa wa kuvuta sleji kule Alaska, ambako mbwa wamezaliwa kwa kazi hiyo, kanuni zinamtaka mwendeshaji awe na viatu vinane kwa kila mbwa. Chagua vyenye soli ya mpira inayoshika, mzoeshe sebuleni siku mbili tatu kabla ya safari. Atatembea kama kuku aliyekanyaga gundi, mwache, atazoea.

Soli hiyo ina kazi nyingine. Pale upepo ulipofagia theluji, barafu ni kioo. Mbwa anayekimbia akageuka ghafla, miguu ya nyuma inapanuka kila mmoja upande wake, na kano ya ndani ya goti inakatika. Upasuaji wake hapa ni maelfu ya dola, na miezi ya kupona. Usimrushie mpira. Acha arukeruke kwenye theluji, siyo kwenye kioo.

Kuhusu inchi 7: idara ya maliasili ya jimbo inashauri angalau inchi 4 kwa mtu anayetembea kwa miguu, lakini hizo ni za barafu mpya, safi, isiyo na theluji ndani yake. Iliyo nyeupe ihesabu nusu nguvu, itahitaji unene maradufu. Tena unene wa pale kibandani hauelezi kitu kuhusu mdomo wa kijito mita 200 kutoka hapo, na mbwa hapimi kwa keekee. Tobo la kawaida la inchi 8 halimmezi mbwa wa kilo 29, ila mguu utaingia na kuteguka. Yanayonitisha ni matobo makubwa ya wale wanaovua kwa mkuki, yakiachwa yakafanya utando mwembamba juu. Kwa hiyo kamba ndefu, na koti la kuelea lenye mshikio mgongoni. Akitumbukia kwenye barafu iliyovunjika usimfuate. Piga 911, lala kifudifudi mbali na ukingo, muite, mnase kwa kamba au fimbo kwenye ule mshikio. Kila majira ya baridi watu huzama wakifuata mbwa, na mara nyingine mbwa hutoka mwenyewe.

Hita ya gesi inataka sentensi chache lakini zisome mara mbili. Moto kwenye kibanda kilichozibwa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Mbwa akilegea, akiyumba, akitapika, usiseme "amechoka." Tokeni nje wote, ninyi pia. Matundu mawili ya hewa yabaki wazi, moja chini moja juu, na king'ora cha betri cha kutambua gesi hiyo kiwekwe ndani. Na hita izungushiwe kitu. Mkia wa Labrador ukifurahi haujui moto.

Nguo, hatimaye. Mbwa wako hana manyoya ya chini mazito kama Husky, kwa hiyo ndiyo, koti linalofunika kifua na tumbo, lisiloingiza maji. Chukua la pili, kwa kuwa koti lililolowa ni baya kuliko kutovaa. Ndani ya kibanda mlaze kwenye godoro la sponji, asilale moja kwa moja juu ya barafu. Mpe maji ya uvuguvugu. Kula theluji hakutoshi. Angalia ncha za masikio, mkia, na korodani kama bado anazo: ngozi ikipauka na kuwa ngumu, ipashe kwa maji ya uvuguvugu, usiisugue. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39, likishuka chini ya 37 mfunge blanketi mpigie daktari. Mbwa aliyekuwa anatetemeka akaacha bila kupashwa joto hajapona, amezidiwa. Na kwa nyuzi -14 amekuambia mwenyewe kwamba dakika ishirini hazifikishi. Arudi ndani kabla hazijaisha.

Samaki mbichi: hapana. Northern pike, walleye na sangara wa maziwa haya wanaweza kubeba mabuu ya tegu wa samaki, ambaye hukua ndani ya mbwa na ndani yako pia. Aliyepikwa, bila miiba, kipande kidogo si neno. Utumbo na vichwa vitie kwenye mfuko, mfuko kwenye ndoo yenye kifuniko, na ndoo ipande gari kabla ya mbwa.