Hela ya mchezo ukanunulia mchezo!

Marahaba mdogo wangu wa Mbagala. Kwa ambao hawajaiona barua yake ni hivi, ana miaka 36, fundi umeme, mke na watoto wawili, gemu kaanza darasa la tatu na zile za kaseti, Contra na Mario, kaseti ikigoma unaichomoa unaipuliza unarudisha, baadae akahamia banda la gemu mtaani anacheza Winning Eleven kwenye PS2 kwa hela ya maandazi ya shule, na mpaka leo akitoka kazini anashika pedi. Sasa mkewe kasema mbele ya mashemeji "nimeolewa na mtoto", na yeye anauliza, anti nina ugonjwa, niache?

Ugonjwa huna. Ni kweli Shirika la Afya Duniani wameuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yao ya magonjwa, inatumika tangu Januari 2022, ila wanamwangalia mtu aliyeshindwa kujizuia, gemu imetangulia kila kitu, na anaendelea tu huku anaona maisha yanaharibika, tena kwa kawaida iwe imeenda kama miezi 12. Wewe unapiga mechi mbili watoto wakishalala na asubuhi kazini unaenda. Wangapi wanakesha baa na hakuna anayewaita watoto? PS2 zimeuzwa zaidi ya milioni 150, unadhani waliozicheza wote waliacha walipooa?

Haya, tuje kwenye ule mstari uliouchomeka mwishoni kama haupo vile. "Hela ya mchezo ya mke wangu ilikuwa kwangu, nikaongezea kidogo nikachukua PS5." Ngoja kwanza. Mtoto wa watu kampelekea kijumbe hela ya mchezo wa kupeana miezi kumi, zamu yake ikafika, kakukabidhi umtunzie ya friji la biashara ya barafu, wewe hela ya mchezo ukanunulia mchezo! Halafu ukamwambia mashine ni ya rafiki, mpaka alipokuta risiti kwenye begi lako la vifaa. Miaka nane una PS4 hapo sebuleni na kwa maneno yako mwenyewe alikuwa anakuletea chai huku unacheza, leo ndo aichukie gemu? Hasira ni ya risiti bwana.

Kwa hiyo usimwapie kwamba unaacha gemu, hajakuomba hicho, na ukiapa utaishia kucheza kwa kujificha. Uza PS5 hata kwa hasara, hizo gemu za mpira za EA FC unazozipenda mbona kwenye PS4 zimetoka pia, fidia iliyopungua kutoka mfukoni kwako, mpe mkononi hela yake yote na useme nilichukua bila kukuuliza na nikakudanganya, hiyo habari ya "nilikopa" achana nayo. La mashemeji limekuuma na una haki, ila mwambie siku nyingine, mkiwa wawili, friji likishafika.

Na pedi ya pili usiifiche, iuze nayo.