Mia saba na mia tano anajua, sabini na hamsini anakwama

Mwaka jana binti yangu, wakati huo yuko Darasa la Pili, alirudi nyumbani na daftari lenye hesabu kumi za kujumlisha. Saba zimepigwa mkasi. Na zilikuwa hesabu za makumi matupu: 70 + 50, 80 + 60, 90 + 40. Kwenye 70 + 50 ameandika 20. Kwenye 90 + 40 ameandika 1300, yaani tisa na nne kumi na tatu, kisha akabandika sifuri mbili, kila namba na ya kwake.

Nikamwambia anieleze hiyo 20 aliipataje. Akajibu kwa kughani, kama shairi: sifuri na sifuri, sifuri, saba na tano, kumi na mbili, naandika mbili, nabeba moja.

"Hiyo moja umeibeba wapi?"

Akatazama kiganja chake.

Nilifanya kosa ambalo wazazi wengi tunalifanya: nikamwandikia hesabu nyingine ishirini za namna ileile. Akalia, mama yake akaninunia, na hesabu akakosa vilevile.

Jumamosi yake nikamtuma gengeni na noti ya elfu mbili. Vitunguu vya mia saba, nyanya za mia tano. Akarudi na mia nane mkononi. Nikamuuliza alijuaje kama chenji imetimia. "Mia saba na mia tano si elfu moja na mia mbili, baba?" Hakuandika popote wala hakugusa vidole.

Hapo nilikaa kimya muda mrefu, maana hesabu ni ileile. Kilichotofautiana ni majina. Ukisema "mia saba", saba unaisikia. Ukisema "hamsini", tano iko wapi? Sikiliza tena: ishirini, thelathini, arobaini, themanini. Mbili, tatu, nne na nane zimepotelea humo. Maneno haya tumeyachukua kwenye Kiarabu, wakati mbili, tatu, nne, tano na nane ni za kwetu. Sitini, sabini na tisini zina nafuu kwa sababu sita, saba na tisa nazo zilitoka kulekule, kwa hiyo zinafanana. Sisi watu wazima tumezoea hatusikii tena ugumu wake. Mtoto wa miaka minane anausikia.

Na kuna la pili. Hapa Tanzania mtoto hajawahi kushika sabini. Sarafu anazoziona dukani ni za 50, 100, 200 na 500. Za kumi na ishirini zimeshapotea mikononi mwa watu. Mzazi wa Mombasa ana afadhali: sarafu za kumi zikifika kumi anazibadilisha kwa noti ya mia, na somo limekwisha.

Kwa hiyo wiki nzima nikapiga marufuku neno hamsini. Tukawa tunasema makumi matano. Makumi saba na makumi matano, makumi kumi na mawili. Hiyo aliipata siku ileile. Kilichobaki ni kumfanya aamini kwamba makumi kumi ndiyo mia, na hapo ndipo pa kukaa, usiparuke.

Nilifumua ufagio wa chelewa uliochakaa, tukakata vijiti, tukafunga kumi kumi kwa rababendi. Tukatafuta kopo tupu la maziwa linaloingia vitita kumi kamili, cha kumi na moja hakiingii. Kopo likawa daladala na yeye akawa konda. Sheria moja tu: gari likijaa linaitwa mia, linaondoka, waliobaki wanasubiri kituoni.

Sasa 70 + 50. Vitita saba vimeshakaa ndani, vitano viko mkekani. "Nafasi ngapi?" Tatu. Akapakia vitatu, gari likajaa, vikabaki viwili. Mia na makumi mawili. Angalia alichofanya: hakuhesabu hadi kumi na mbili wala hakubeba kitu. Sabini ilikuwa inadai thelathini, hamsini ikailipa, ikabakiwa na ishirini. Themanini na sitini ni vivyo hivyo: themanini inadai ishirini, sitini ikitoa inabaki na arobaini, jibu 140.

Haya yote hayawezekani kama mtoto hajui jozi za kumi bila kufikiri: saba na tatu, nane na mbili, sita na nne. Kama bado anasita hapo, weka makopo pembeni umfundishe jozi kwanza. Mimi nilidhani anazijua, kumbe nne na sita anaijua lakini sita na nne anaanza kuhesabu upya.

Siku ya tatu nikaondoa vijiti ili aanze kufikiri kichwani. Akakwama kabisa. Nikarudi nyuma: vijiti vipo ila vimefunikwa kanga. Akikwama anafunua. Baada ya siku nne au tano hakuhitaji kufunua, na siku moja kanga ilikuwa imefuliwa, hakuna aliyekumbuka. Dakika kumi kabla ya chakula cha usiku, hazizidi.

Majina tuliyarudisha taratibu. Hamsini nilimwambia ni ndugu wa Alhamisi, siku ya tano ukianzia Jumapili, ingawa wiki ya Kiswahili ina Jumatano yake ukianzia Jumamosi. Alifurahi sana kujua tuna tano mbili zinazofuatana. Arobaini ina robo ndani yake, na robo kilo anaijua. Themanini nikajaribu kumpa thumni ya wazee, neno lenye maana ya moja ya nane, ingawa kwao ilikuwa senti hamsini, nikamvuruga kabisa. Hiyo akariri tu.

Shuleni bado wanataka aandike wima na kubeba. Msigombane na mwalimu. Ile moja anayoiandika juu sasa anajua ni kopo lililojaa.

Tatizo letu la sasa ni kutoa. 120 kutoa 50 inabidi kufungua kopo na kushusha watu, na konda wangu hataki. Anasema wameshalipa nauli.